Kivuli Kisicho na Namba ya Kiwanja

Ikungi haina bustani ya umma. Niliseme hilo mapema, asije msomaji akatafuta lango la chuma, vijia vya pevingi na benchi zenye majina ya wafadhili. Hii ni wilaya iliyozaliwa mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Singida Vijijini, na wilaya changa huwa na orodha yake ya mahitaji: ofisi za halmashauri, hospitali, visima, nyumba za watumishi. Bustani haimo hata kwenye ukurasa wa nyuma wa orodha hiyo. Afisa mipango atakayeichomeka ataulizwa, kwa adabu, kama amelala vizuri.

Hata hivyo, shuka kwenye basi saa saba mchana, pale barabara kuu ya Dodoma–Singida inapoupasua mji, uone watu wanakimbilia wapi. Wanakimbilia chini ya miti. Huko ndiko waliko wauza vitunguu, wauza mafuta ya alizeti kwenye madumu ya lita tano, kuku wa kienyeji waliofungwa miguu, na bodaboda waliojilaza juu ya matangi ya pikipiki zao. Mti mmoja unaweza kuwa stendi asubuhi, baraza la wazee adhuhuri, na msimu wa kampeni ukawa jukwaa. Shina limepigiliwa misumari ya matangazo ya waganga na ya vyumba vya kupanga. Mizizi iliyochomoza imeng'arishwa na makalio ya watu wa vizazi viwili. Hakuna aliyeupangia mti kazi zote hizo, na ni nadra sana kukuta ofisini karatasi inayozitambua.

Karatasi hiyo ndiyo mada yangu. Bustani za kihistoria zilizobaki Afrika Mashariki zimebaki kwa sababu mbili ambazo mapenzi ya maua hayamo: zilikuwa na mstari kwenye ramani, na siku mstari ulipotaka kufutwa, akatokea mtu wa kugombana. Miji ya aina ya Ikungi ina miti, ina miamba, ina viwanja vya mikutano, na watu wa kugombana haijawahi kupungukiwa nao. Kinachokosekana ni mstari.

Tazama Dar es Salaam. Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa mwaka 1893 chini ya Profesa Franz Stuhlmann, ofisa wa Kijerumani aliyesimamia kilimo. Haikuanzishwa ili mtu apumzike. Ilikuwa shamba la majaribio, mahali pa kupima ni mmea gani wa biashara ungekubali hewa ya koloni na kuleta faida Ulaya. Ujerumani ikaondoka, Waingereza wakaja, mwaka 1940 makumbusho yakafunguliwa kando yake, mji ukazidi kuimega, na leo kilichobaki ni sehemu ndogo ya eneo la awali. Bado kuna minazi ya Ushelisheli, ile yenye mbegu kubwa kuliko zote duniani, na tausi wanaotembea kama wenye hati ya kiwanja. Wanafunzi hujisomea humo, wafanyakazi wa ofisi hula chakula cha mchana. Kituo cha kupimia faida kimeishia kuwa mahali ambapo mtu hukaa bila kununua chochote, na katikati ya Dar es Salaam mahali pa namna hiyo ni haba kuliko minazi ya Ushelisheli.

Mnazi Mmoja ni kisa kigumu zaidi. Ukanda ule wa wazi uliachwa makusudi na wakoloni uwe mpaka: huku Uzunguni na Uhindini, kule Kariakoo ya Waafrika. Sababu iliyoandikwa ilikuwa afya, kwamba mbu wa malaria na magonjwa mengine visivuke. Sababu isiyoandikwa kila mtu aliijua. Baadaye uwanja uliotengwa ili watu wasichangamane ukawa mahali pao pa kukusanyikia, na mnara wa Mwenge wa Uhuru ukasimamishwa hapo. Nani basi mwenye historia ya uwanja ule, aliyechora mpaka au aliyeuvuka? Mhifadhi wa kweli hawezi kuchagua mmoja. Lakini ajabu iliyopo ni kwamba bila mstari wa mbaguzi uwanja wenyewe usingekuwepo. Ungekuwa maduka ya vitenge tangu zamani.

Zanzibar walipata kitu chenye nasaba ya heshima zaidi. Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1930 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, palipokuwa na shughuli za forodha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Jamhuri, ila watu wakaendelea kusema Forodhani, maana jina la kazi hushinda jina la sherehe. Miaka ikapita, ukuta wa bahari ukaliwa na mawimbi, nyasi zikaisha, mitaro ikaziba. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukaikarabati na mwaka 2009 ikafunguliwa upya. Kilichonivutia katika kazi ile ni wauza urojo na mishkaki. Fundi mwenye roho ya usafi angeanza kwa kuwafukuza. Pale walipangiwa sehemu yao na miundombinu yao, kwa sababu Forodhani bila moshi wa mishkaki jioni ingekuwa picha ya kalenda. Wapo wanaolalamika kwamba imekuwa ya kitalii mno. Pengine. Lakini ukuta haubomoki, na watoto wa Mji Mkongwe bado wanajirusha baharini mbele ya wageni wenye kamera.

Nairobi ndiko ugomvi wenyewe ulikotokea hadharani. Uhuru Park ilifunguliwa na Rais Kenyatta mwaka 1969. Miaka 20 baadaye, mwaka 1989, ukatangazwa mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa 60 la Kenya Times Media Trust, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari Maathai akaandika barua: kwa ofisi za serikali, kwa mashirika, kwa mabalozi, kwa yeyote mwenye anwani. Bungeni wakamkejeli, na shirika lake la Green Belt Movement likaamriwa kuhama kwenye jengo la serikali lilimokuwa na ofisi. Wawekezaji wa nje wakaanza kusita, na mradi ukafa. Jeevanjee Gardens, iliyotolewa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, nayo ilinyemelewa mwaka 1991 ili pajengwe maghorofa na maegesho ya magari, na aliyesimama mbele kuitetea alikuwa Zarina Patel, mjukuu wake. Katika visa vyote viwili hakuna aliyekuja na shoka. Walikuja na michoro, na maneno ya heshima: kubadilisha matumizi.

Nimezunguka mbali, lakini Ikungi imo humo ndani.

Historia ya viwanja vya umma huku haikuanza kwa sultani wala kwa profesa wa mimea. Wanyaturu waliishi kwa kaya zilizotawanyika, tembe hapa na tembe kule, kila moja na mashamba na mifugo yake. Mwaka 1973 likaja agizo kwamba nchi nzima iwe inaishi vijijini ifikapo 1976. Operesheni Vijiji ikawasogeza watu, mara nyingine kwa malori, na kuwapangia makazi kwa mistari iliyonyooka. Uamuzi wenyewe ulikuwa na machungu yake na sitaki kuupaka asali. Ila ulizaa kitu ambacho hatujawahi kukihesabu kuwa urithi: kitovu cha kijiji. Ofisi ya kijiji, shule, ghala, zahanati au mahali palipoachwa kwa ajili yake, na katikati uwanja wa mikutano wenye miti pembezoni, mijohoro, miarobaini au mti wa asili uliokutwa na kuachwa. Ile iliyopandwa wakati huo sasa ina umri wa miaka 50 hivi. Anayedhani miaka 50 ni michache ajiulize ni majengo mangapi ya wakati ule bado yamesimama.

Hiyo ndiyo bustani ya kihistoria ya Ikungi, na ya mamia ya miji midogo ya Tanzania. Haina mwasisi wa kuwekewa sanamu. Ina matumizi yasiyokatika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haitausaidia sana mti wa namna hiyo. Iliandikwa kwa kutazama zaidi vitu vilivyojengwa, kuchongwa au kuchorwa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Mjohoro wa Operesheni Vijiji umekosa tarehe hiyo kwa zaidi ya karne, tena haukuchongwa na mtu. Wenye kufikiria urithi wa bustani huko nje walikwishakutana na fumbo hili. Mkataba wa Florence wa mwaka 1981, ulioandaliwa chini ya shirika la kimataifa la wahifadhi, ICOMOS, uliita bustani ya kihistoria mnara ulio hai, yaani kitu kinachokua, kinachozeeka na kinachopaswa kupandwa upya ili kibaki kilekile. Kwa mhifadhi wa majengo maneno hayo ni kizunguzungu. Kwa mfugaji wa Ikungi ni jambo la kawaida: kundi ni lilelile la babu, ingawa hakuna ng'ombe hata mmoja aliyekuwepo enzi za babu.

Hatari iko kwenye daraja kati ya kijiji na mji. Kijiji kinapokuwa kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa ulinzi wa aina fulani: ardhi ya matumizi ya pamoja haigawiwi kwa mtu binafsi kwa kalamu ya mwenyekiti peke yake, mkutano mkuu wa kijiji una neno lake. Kijiji kikikua, makao makuu ya wilaya yakihamia hapo, eneo likatangazwa kuwa la kupangwa kimji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mamlaka huhamia halmashauri, na sauti ya mkutano mkuu hufifia. Mpima huja na vyombo vyake. Bikoni zinapigwa. Eneo ambalo kila mtu alijua ni la wote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeliandikisha, linaonekana kwenye mchoro kama nafasi tupu. Na nafasi tupu kando ya barabara kuu haikosi mpenzi. Simlaumu mpima. Anachora kilichoandikwa, na mti hauna kumbukumbu namba.

Miamba nayo iko kwenye foleni hiyohiyo. Anayejua Singida anajua yale mawe ya matale yaliyobebana kama mizigo ya mhamaji, mengine makubwa kuliko nyumba. Watoto huyatelezea, wazee huota jua la asubuhi hapo, mwanafunzi hupanda juu kutafuta mtandao wa simu. Mji unapojengwa, jiwe linakuwa kokoto. Kazi yenyewe inatisha kwa urahisi wake: unawasha moto juu ya mwamba, kuni au matairi, unauacha mpaka tabaka la juu linapasuka na kubanduka kama magamba, halafu nyundo zinaanza. Mwamba uliochukua mamilioni ya miaka kujitokeza ardhini unakuwa jamvi la ukumbi wa harusi. Wanaoponda wana watoto wa kusomesha na sina ubavu wa kuwakataza kwa hotuba. Lakini kuna tofauti kati ya mwamba ulio porini na ule ambao mtaa mzima umekulia juu yake, na tofauti hiyo ingeweza kuandikwa mahali kabla moto haujawashwa.

Jirani zetu wa Kondoa wanaweza kutufundisha jambo hapa, hata kwa makosa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Katika moja ya maeneo hayo, Mongomi wa Kolo, wenyeji wamekuwa wakienda kuomba mvua na uponyaji, pombe ya kienyeji ikiwemo katika ibada. Wahifadhi walipata wasiwasi juu ya pombe inayorushwa karibu na michoro, na wasiwasi wao si wa kijinga, rangi ni rangi. Wenyeji nao walishangaa kuelezwa na mgeni namna ya kuheshimu mahali walipopaheshimu kabla mgeni hajapata njia ya kufika. Ukimtoa mtumiaji ili kulinda mahali, umebaki unalinda nusu yake.

Sasa nije kwenye kishawishi kikubwa cha halmashauri zote: nyasi. Kila mji unaotaka kuonekana mji hutamani bustani ya ukoka, ya kijani, yenye kibao cha USIKANYAGE NYASI. Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima mvua hukaa kati ya milimita 500 na 800. Kuanzia Juni ni jua na upepo, upepo ambao Singida inasifika kwao. Nyasi fupi katika hali hiyo zinapoteza kwa makadirio ya wastani milimita 5 za maji kwa siku. Kwa hekta moja hizo ni lita 50,000. Ndoo 2,500 za lita 20, kila siku, kwa miezi mitano au zaidi, mbele ya akina mama wanaopanga foleni kisimani. Afisa atakayetetea bajeti hiyo katika baraza la madiwani namtakia heri.

Kivuli ni hesabu nyingine kabisa. Mti uliokwisha kutoboa ardhi hauombi ndoo. Tena nchi yetu ya kati ina elimu yake ya kurudisha miti bila kupanda sana. Shinyanga, kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, walifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho na kuyaacha yapumzike, na nchi iliyokuwa inaitwa jangwa ikarudisha maelfu kwa maelfu ya hekta za vichaka na miti. Dodoma wana kisiki hai: unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu kwenye kisiki ambacho mizizi yake haijafa, unapunguza mengine, unaweka alama, unayaacha. Mizizi ni ya zamani, kwa hiyo chipukizi hukua kwa kasi ambayo mche wa kwenye kiriba hauwezi kuiona hata ndotoni. Kwenye viunga vya uwanja wa mji, dawa hiyo ingefaa kuliko malori ya miche.

Miche ina tatizo lake jingine, mgeni rasmi. Tunaijua sherehe: shimo limechimbwa tangu jana, koleo limefungwa utepe, mgeni anamwaga maji kidogo, makofi, picha, na kibao cha zege chenye jina na tarehe. Kibao hudumu. Mche hukutana na mbuzi jioni ileile, na mbuzi hasomi vibao. Ningependa siku moja kuona sherehe ya mgeni rasmi kukagua mti uliopandwa na mgeni rasmi wa miaka mitano iliyopita. Mialiko ingekataliwa mingi.

Hata aina ya mti si jambo la kukurupukia. Baringo, Kenya, miaka ya 1980 walipanda mathenge ili kuzuia ukame na kupata kuni. Mathenge ukatambaa ukameza malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi hadi wenyeji wakaenda mahakamani na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Amani, kule Usambara, kituo cha Kijerumani cha mwaka 1902 kiliacha bustani ya ajabu na pia miti ya kigeni inayosambaa mpaka leo ndani ya msitu wa asili. Mgunga wa kwenu hauna sifa kwenye katalogi, lakini unajua Septemba ni nini.

Kutunza miti mikubwa iliyopo kunahitaji zaidi kuacha kuliko kufanya. Usimwage zege mpaka kwenye shina. Mizizi inapumua, na pevingi iliyobanwa kwenye gome ni kifo cha miaka saba au minane ambacho hakuna atakayekihusisha na mkandarasi. Mamalishe asogezewe jiko upande wa pili wa upepo, asifukuzwe. Oili chafu ya pikipiki iwe na pipa lake. Anayebandua gome kwa dawa abandue upande mmoja, kwa sababu gome likiondolewa duara zima chakula hakishuki tena mizizini na mti unakufa umesimama. Na pembeni ya kila mti mkongwe apandwe mrithi sasa, mkongwe akiwa bado na kivuli cha kumkinga.

Kuna watakaosema wilaya yenye mahitaji ya zahanati haina haki ya kuzungumza bustani. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ningeomba fedha. Gharama kubwa huja baadaye: siku halmashauri itakapogundua mji hauna pa kukutania na kutaka kurudisha eneo, italipa fidia kwa bei ya soko, kwa uthamini wa nyumba, fremu za maduka na usumbufu. Leo eneo lilelile linahitaji wajumbe wa kijiji, kamba ya mita, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Katika vijiji vya Ikungi ambavyo bado ni vijiji, jambo hili linaweza kupita hata kwenye "mengineyo", kabla watu hawajaanza kunyanyuka: uwanja wa mikutano, miti iliyopo, mwamba fulani na njia ya kuufikia viingizwe kwenye daftari kama ardhi ya matumizi ya pamoja, na nakala ya muhtasari iende kwa afisa ardhi wa wilaya kabla mpima hajatia mguu. Mtendaji akumbuke tu kuandika mipaka kwa mita. Ile ya "kuanzia mtini hadi karibu na kwa mzee mwenye mashine ya kusaga" imekwisha kupoteza viwanja vingi mno, hasa mzee akishauza mashine.